Bi Mdogo Hashiki Chaji

3 Machi

Shemeji,

Habari za huko. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimechukua karatasi. Nimekupigia mara tisa tangu mazishi, na mara zote tisa yule dada wa mtandao ameniambia nijaribu tena baadaye. Ana sauti nzuri lakini hana jipya.

Usiogope, nina swali la ufundi tu. Ni kuhusu Bi Mdogo. Unakumbuka kaka yako alimpa jina hilo siku alipomleta, gari la michezo la viti viwili, kijani, chini mno hadi mtu mzima akiingia utadhani anatafuta kiatu chini ya kitanda. Nilimwambia sina neno, ila huyo mke mwenzangu afue nguo zake mwenyewe. Mwaka mzima mkalifumua na kulifunga upya nyinyi wawili, yeye injini, wewe umeme. Mimi nilikuwa nawaletea chai na kuondoka na vikombe vyenye grisi.

Hashiki chaji. Kaka yako alibadilisha alteneta tatu ndani ya mwaka na nusu, na wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia kwa simu abadilishe. Kila mpya ilikwenda vizuri miezi michache, kisha betri ikafa njiani. Mwezi uliopita fundi wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Miwani, amefunga ya nne. Imekaa siku kumi na moja.

Nakwambia mapema ninachotaka, tusije tukazungushana. Tarehe kumi na tisa Januari, saa tatu asubuhi, kaka yako alibanwa na kifua. Nilimkalisha kwenye gari nikashika usukani, na gari halikuwaka. Gari la wagonjwa lilichukua dakika hamsini. Daktari alisema angefika mapema angekuwa na nafasi. Hakusema kubwa au ndogo.

Nataka kujua kwa nini halikuwaka. Basi. Sijalia tangu siku ile na watu wameanza kunitazama. Naamka, naenda kazini, napima maji, narudi. Nikila sijui nimekula nini. Nadhani nikijua kwa nini halikuwaka nitaweza kwenda kwenye jambo la pili, lolote litakalokuwa.

Mazishini nilikuona getini. Nilipogeuka hukuwapo.

Shemeji yako


14 Machi

Shemeji yangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi. Nisamehe kuhusu simu, kioo kimepasuka na bado sijaipeleka kwa fundi. Ndiyo, fundi anamsubiri fundi, cheka tu. Na siku ya mazishi nilikuwa na basi la kuwahi.

Pole sana. Nimeandika hilo neno nikaliangalia, halitoshi, lakini sina lingine.

Tuje kwenye kazi, maana kazi naiweza. Mambo ya chaji yana watu watatu. Alteneta ndiye anayetengeneza umeme injini ikizunguka. Betri ndiye anayeutunza. Belti ndiye anayeizungusha alteneta. Mmoja akigoma, nyumba yote giza. Kwa hiyo tunawahoji mmoja mmoja.

Tafuta mita ya kupimia volti, ile ya kawaida yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kabla hujawasha gari, fungua buti, betri iko kule nyuma kushoto chini ya zulia. Pima, uandike. Kisha mwambie Miwani akuazime umeme wa gari lake uwashe. Injini ikishatulia, fungua boneti. Nyekundu iguse ile nati ya nyuma ya alteneta, nyeusi iguse mwili wa alteneta yenyewe, hapo hapo. Usihangaike kugusa kwingine. Ukipata kati ya kumi na tatu na nusu na kumi na nne na nusu, alteneta ni nzima. Belti ibonyeze kwa kidole gumba injini ikiwa imezimwa. Ikishuka zaidi ya upana wa kidole imelegea.

Uvae viatu vyenye soli, na shanga zako uziache ndani.

Nilimpenda sana kaka. Najua unajua.

Fyuzi


27 Machi

Shemeji,

Mita nilikuwa nayo, ya kaka yako, kwenye boksi la viatu. Nilivaa glavu za maabara nikafanya kama ulivyosema. Miaka kumi na tisa napima klorini kwenye maji ya watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mkono wangu. Kila kipimo nimekirudia mara tatu.

Betri, gari likiwa limezimwa, ni kumi na moja nukta tisa. Alteneta kwenye mwili wake, injini ikizunguka, ni kumi na nne nukta tatu. Belti inashuka nusu kidole. Miwani alikuwepo, akasema naandika kama nesi wa wadi. Nikamwambia nesi angekuwa na haraka zaidi.

Alteneta nzima, belti nzima. Betri imechoka, lakini ina miezi mitano tu. Kwa nini alteneta nzima isiijaze betri?

Umeuliza habari zangu? Hukuuliza, lakini nitakujibu. Dada yangu alikuja akakaa siku nne. Alikuwa akinipa leso kila tukikaa, nikawa naikunja tu. Siku ya nne akaniuliza kama nilimpenda kweli mume wangu au la. Sikukasirika. Nilimtengenezea uji akanywa akaondoka. Nakaa kwenye kiti cha jikoni nasikiliza friji. Ikizima ndiyo najua muda umepita.

Ni miezi miwili na siku nane. Nasubiri jibu.

Shemeji yako


9 Aprili

Shemeji yangu,

Kwa vipimo hivyo hata mimi ningekuajiri. Kumi na nne nukta tatu ni afya kabisa. Alteneta tumeiachia huru.

Basi mshukiwa ni betri, au kuna mnyonyaji. Mnyonyaji ni kitu kinachokula umeme gari likiwa limelala: taa ya buti isiyozimika, redio, saa, kengele ya wezi. Weka betri mpya kwanza. Halafu chomoa fyuzi moja moja (hizo ndogo za kwenye boksi, usinichomoe mimi) uone mita inashuka wapi. Itakuchukua asubuhi nzima. Chukua kiti.

Jambo moja. Ukiwa chini ya boneti utaona nati na bolti nyingi zina nukta ya rangi. Za njano ni za kaka, nyeupe ni zangu. Desturi hii tumeirithi gerejini kwa baba. Ukishakaza kitu hadi mwisho unakitia nukta ya rangi yako, na kuanzia hapo hakuna mtu mwingine anayekigusa isipokuwa mwenye rangi. Baba alikuwa akisema kufungua nukta ya mwenzako ni kama kumpekua mifuko. Mteja akilalamika, anaitwa mwenye rangi, anafungua mwenyewe, watu wanaangalia pembeni. Tulikuwa na umri wa shule ya msingi na tayari kila mtu ana kopo lake. Kwa hiyo palipo na nukta pamekazwa, usipotezee muda hapo. Tafuta mnyonyaji.

Huku kazi ni nyingi, ni malori tu. Nala vizuri. Nalala kidogo.

Fyuzi


22 Aprili

Shemeji,

Betri mpya imewekwa tarehe kumi na tatu. Fyuzi nilichomoa zote, ishirini na sita, nikiwa kwenye kiti kama ulivyosema. Mnyonyaji hayupo. Saa ya dashibodi inakula kiasi cha chawa, Miwani amesema haihesabiki.

Tarehe kumi na saba nikaanza kwenda nalo kazini. Siku ya kwanza sawa. Siku ya tatu taa ya betri ikaanza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi. Siku ya tano nilikuwa narudi, mvua, mchana wa saa nane. Nikabonyeza zile taa za mbele zinazoinuka. Zikainuka nusu zikabaki hapo, kama mtu aliyeamshwa mapema. Vipangusa kioo vikasimama katikati ya kioo. Injini ikakata mbele ya geti la kiwanda cha chupa, na askari wa getini akaja kunisukuma. Alisema gari zuri hivi, mama, linakuaibisha.

Nilipima hapo hapo barabarani. Betri mpya, siku tisa, kumi na moja nukta nne. Haijazwi, Fyuzi. Alteneta inatengeneza umeme na umeme haufiki. Unakwenda wapi?

Nilipojaribu kuliwasha lilifanya tik, tik, tik. Ni sauti ile ile ya Januari. Askari akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikajiangalia nikaona sijisikii kitu. Nilikaa kwenye kiti mpaka mvua ikakatika.

Njoo ulione mwenyewe. Kwa basi ni mwendo wa saa saba tu. Chumba cha wageni nimekitandika.

Shemeji yako


2 Mei

Shemeji,

Siwezi kuja. Bosi hatoi ruhusa mwezi huu wala ujao, na mgongo nao unanisumbua.

Labda belti inateleza ikipata maji. Labda alteneta ya nne nayo ni mbovu kwa ndani, siku hizi wanauza mapambo. Mwambie Miwani abadilishe.

Au liache. Lifunike turubai lake, uliache. Gari ni chuma, Shemeji, na kaka hatarudi hata tukijua. Kuna mambo mtu akiyajua hapati chochote, anabeba tu. Nakwambia kama ndugu yako.

Fyuzi


11 Mei

Shemeji,

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu.

Nilimpelekea Miwani vipimo vyote, kuanzia cha kwanza. Akavipitia, akavua miwani, akauliza, “Mbona athi hamkupima?” Nikamwambia fundi wangu alisema watu ni watatu. Akacheka akasema ni wanne, na huyo wa nne ndiye anayeanzwa kuulizwa. Akanieleza kwa kalamu nyuma ya kalenda. Umeme ukitoka kwenye alteneta kwenda kwenye betri lazima upate njia ya kurudi, na njia ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe. Lakini injini imekaa juu ya mipira, haigusani na bodi. Kuna kebo moja nene inayoziunganisha, nayo ndiyo athi. Kebo ikishika vibaya, alteneta inajipima yenyewe na kujiona nzima, huku betri inakufa kwa kiu nyuma. Na starta, inayoiamsha injini, nayo inategemea njia hiyo hiyo. Alisema hata fundi wa wiki moja analijua hili.

Sasa nikueleze jambo la kazini kwangu. Mtu mwenye kisima kibovu hakukatazi kupima. Anakupeleka kwenye visima vingine vyote. Anakubebea chupa, anakuuliza habari za familia, anakuonyesha njia isiyo na tope. Jua linazama umerudi ofisini, na kisima chake hukukiona. Nimewashika watu wa namna hiyo miaka kumi na tisa, na wewe umenitembeza miezi miwili.

Nimepima. Injini ikizunguka na taa zikiwaka, waya mmoja kwenye injini, mwingine kwenye bodi. Inatakiwa karibu na sifuri. Nimepata volti moja nukta tisa. Mara tatu.

Nikaifuata kebo. Inafungwa kwenye bodi chini ya boksi la chujio la hewa, mahali ambapo lazima ulitoe boksi ndipo uone. Bolti ina nukta nyeupe. Nimeigusa na imezunguka kwa vidole vyangu viwili. Chini ya kichwa cha kebo kuna rangi ya kijani, safi, inang'aa, haijakwanguliwa hata kidogo. Sikuifungua. Nimeiacha kama ilivyo na boksi nimelirudisha.

Niambie.

Shemeji yako


19 Mei

Shemeji,

Ni yangu.

Bodi ilikuwa imetoka kupigwa rangi siku mbili kabla. Mahali pa athi unakwangua rangi mpaka chuma king'ae, ndipo unafunga. Nilikuwa sina msasa mkononi. Nikaishikiza ile bolti kwa vidole ili kebo isining'inie, nikasema nitakwangua kesho asubuhi. Halafu nikafungua kopo langu la rangi nyeupe. Rangi ile inakauka upesi, kwa hiyo nilikuwa natia nukta zote kwa mkupuo mmoja, bolti hii na hii na hii. Nikaitia na ile. Jioni hiyo nikapigiwa simu ya kazi ya huku, na asubuhi nilikuwa kwenye basi. Hivyo tu. Natamani ningekuwa nimelewa, au tumegombana, nikupe sababu yenye maana.

Utauliza nilikumbuka lini. Nilikumbuka baada ya alteneta ya pili. Nilikuwa nakinga maji bombani, ikanijia yenyewe: bolti, vidole, brashi. Nilifunga bomba ndoo ikiwa nusu. Na kaka aliponipigia tena nikamwambia abadilishe alteneta ya tatu.

Kaka alikuwa akiwaambia wateja, kazi ya Fyuzi usiikague, utapoteza muda wako. Aliwaambia mbele yangu. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na moja na bado nikisikia hivyo nafurahi kama nimepewa pipi. Nilitaka nije siku hayupo, nilitoe boksi, nikwangue, nikaze, niondoke, asijue kamwe. Dakika kumi na tano. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Desemba alinipigia mara tatu: njoo tukae, njoo tunywe chai tu, nimekukosa. Sikuja. Nilijua nikija atafungua boneti tuitazame kazi yetu, na uso wangu haujui kuficha kitu.

Ulipopiga simu Januari nilikuwa chini ya lori. Ulisema, gari halikuwaka. Ulisema mengine pia, lakini mimi nilisikia hilo. Nikaja mazishini, nikafika getini, nikamwona Bi Mdogo chini ya turubai. Nikageuka nikarudi stendi.

Vile vipimo nilikutuma kwa makusudi. Nilijua mwili wa alteneta utakupa namba nzuri. Nilitaka uchoke.

Nimemuua kaka yangu kwa nukta ya rangi. Sasa unajua. Nenda kwenye jambo la pili.

Fyuzi


12 Juni

Shemeji,

Hujajibu, naelewa. Sikuandikii ili unijibu.

Nilitaka tu kukwambia namna ya kuitengeneza, ili usipate shida na Miwani. Toa waya wa betri kwanza. Fungua bolti, kwangua kijani chote kiasi cha upana wa kichwa cha kebo, mpaka uone chuma. Paka grisi kidogo kuzuia kutu. Kaza kwa spana namba kumi na tatu mpaka ikatae. Usitie nukta yoyote.

Sijafungua kopo langu tangu Januari. Nakaza, naondoka. Wenzangu wananiuliza kwa nini narudia kukagua kila kitu mara nne, nawaambia ni uzee.

Fyuzi


20 Juni

Fyuzi,

Nilikaa kimya kwa sababu kuna kitu nimekipata na nilikuwa naamua kama nikwambie. Wiki tatu nimeamua nisikwambie. Leo nimeamua vingine.

Baada ya barua yako nilitafuta kadi ya gari kwenye mfuko wa mlango, upande wa dereva. Nikakuta daftari la kaka yako, lile dogo la kuandikia kazi. Nakunukulia kama alivyoandika, na tarehe zake.

Tarehe tatu Desemba: “Athi ya injini. Rangi haikukwanguliwa, bolti haikukazwa. Nukta ni ya Fyuzi. Nisiiguse. Aje aifungue mwenyewe, akijua nimeifungua mimi ataona haya mpaka kufa.”

Tarehe ishirini na mbili Desemba: “Nimempigia tena. Yuko bize. Usiku naweka chaja kwenye betri, asubuhi anawaka bila matata. Mke asijue, atacheka.”

Tarehe sita Januari: “Bado. Tumpe mpaka mwisho wa mwezi.”

Ndiyo hayo. Alijua. Kila jioni mwezi mzima nilimwona anavuta ule waya wa chaja kutoka dirisha la jikoni, na nilipomuuliza akasema gari zuri linapenda kubembelezwa. Tarehe kumi na nane umeme ulikatika mtaa mzima tangu saa moja jioni mpaka asubuhi. Chaja ilikuwa imechomekwa na haina kitu.

Na sasa nikwambie ya asubuhi ile, ambayo sijamwambia mtu. Nilizungusha ufunguo mara kumi na moja. Yeye alikuwa pembeni yangu, mkono kifuani, jasho linamtoka, anasema subiri kidogo, jaribu tena. Mwalimu wa nyumba ya pili alikuwa anatoa gari lake akasimama akauliza kuna tatizo? Kaka yako akampungia mkono akasema hamna, Mwalimu, linawaka sasa hivi. Mwalimu akaondoka, nami nikamwacha aondoke. Nilikuwa na mdomo. Sikuutumia, kwa sababu nilidhani fundi anajua gari lake. Alilijua kweli. Alijua tatizo ni nini, liko wapi, na spana namba ngapi, na alikuwa amekaa juu yake anakulindia heshima yako.

Baada ya kusoma daftari nilienda nje. Sikumwita Miwani. Nilitoa boksi, nikafungua ile bolti, nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza mpaka ikakataa. Dakika ishirini na mbili, na mimi ni mtu wa maji. Nikawasha. Liliwaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Kwenye betri kumi na nne nukta mbili. Nikakaa ndani likinguruma. Sikulizima. Nilikaa mpaka petroli ikaisha likazimika lenyewe, muda wa karibu saa tatu nzima, na majirani wakaja wakachungulia.

Ndipo nikakasirika. Fyuzi, sijahisi kitu tangu Januari, si njaa, si baridi, si yeye. Hasira imekuja yote kwa pamoja, nikaangusha sufuria, nikampigia kelele dada yangu kwenye simu, kisha nikalia mpaka nikatapika. Nikala. Nilijua ninachokula, ni wali wa jana.

Wewe ulijua. Yeye alijua. Mimi peke yangu sikujua, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ufunguo. Mlikuwa mnaoneana haya, watu wazima wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake asiaibike, na katikati yenu kuna bolti inayozunguka kwa vidole.

Kwa hiyo usiniandikie kwamba umemuua. Hukumuua peke yako, na sitaki uibebe yote kisha ukakae nayo huko kwenye malori, kwa sababu hiyo nayo ni kujificha. Nimekukasirikia. Yeye nimemkasirikia zaidi yako, na yeye siwezi kumwandikia.

Basi njoo wewe. Sikuiti kukusamehe, hilo sijui kama lipo. Nina maneno mengi mabaya, nimeyapanga, na nataka kuyasema kwa mtu atakayebaki amekaa kwenye kiti mpaka niyamalize. Ukitaka kunirudishia, rudisha. Jumamosi sifanyi kazi. Nitakuwa nyumbani kuanzia saa nne.

Shemeji yako